Waliipaka Besi Rangi Nyeupe

Priscille alirudi Bunia kutoka Mambasa siku ya Ijumaa, vumbi la barabara bado limemkaa kwenye nyusi, na kabla ya kufika nyumbani alipitia kanisani kuchukua besi yake, gita la sauti nzito. Alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake, dada wa baba, na matanga yalivuta muda. Besi aliiacha katika chumba cha vyombo cha kanisa kwa sababu paa la nyumba aliyopanga na baba yake mtaa wa Mudzi-Pela lilivuja, na mvua za mwaka ule hazikuwa na huruma. Njia nzima vidole vilikuwa vinamwasha kwa hamu ya kuipiga.

Alikuta kundi lote limekusanyika, na Donatien, kiongozi wa orkestra ya kanisa, amesimama katikati akitabasamu kama bwana harusi.

"Yaya Priscille, funga macho!" alisema, akimwita dada mkubwa kama walivyozoea wote.

Divine, mmoja wa waimbaji, alimziba macho kwa mikono yake miwili. Akakalishwa kitini, na kitu kizito kikawekwa mapajani mwake. Alipofunguliwa, aliona gita jeupe, jeupe kama jokofu la dukani, lenye vitufe vinavyong'aa na nyuzi mpya zinazometameta.

"Muzuri," alisema, kwa maana watu walikuwa wanamtazama. "Na yangu iko wapi?"

Wote wakacheka.

"Ndiyo hii, Yaya!" Donatien alipiga makofi na wengine wakamfuata. "Tulikufanyia sirprizi. Ni kado, zawadi ya yubile ya kanisa!"

Priscille aligeuza gita lile. Nyuma ya shingo ya chombo kulikuwa na alama ya kuungua, ndogo kama ukucha, pale baba yake alipoegesha sigara zamani za ujana. Ile alama tu hawakuifikia. Hapo ndipo alipojua.

Besi ile iliundwa Amerika miaka ya sitini. Mzungu mmoja wa mgodi aliondoka Nizi akaiacha, na Marcellin, baba yake Priscille, akaipiga katika orkestra ya wafanyakazi wa dhahabu hadi vidole vyake vilipokakamaa. Rangi yake ilikuwa kahawia ya chai iliyokolea. Verni, ile rangi ya kung'arisha mbao, ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba kama udongo wa kiangazi, na mahali mkono wa mpigaji unapoegemea mbao zilikuwa wazi, laini, zimelambwa na jasho la baba na baadaye la binti. Siku walipokimbia kijiji chao huko Djugu, risasi zikilia mlimani, mama yake alibeba sufuria, na Priscille akaifunga besi mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Mama alimtukana njia nzima kwa kuacha godoro. Mama huyo sasa ni marehemu, na Priscille hakuwahi kujuta.

Na sauti yake! Haikugonga sikio. Ilipitia nyayoni, ikapanda magotini, ikakaa kifuani. Kila noti ilitua kama mchi kwenye kinu chenye mihogo, ikanguruma kidogo, kisha ikanyamaza mapema ili ngoma nayo iseme. Mzee Marcellin alikuwa na msemo wake: mtu akitoka kwenye dansi akikuambia besi ilikuwa nzuri, ulipiga vibaya, akikuambia miguu yake ilikataa kukaa, ulipiga vizuri. Sauti hiyo ilitoka kwenye mikro za zamani, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi ili kunasa mtetemo. Ilitoka pia kwenye nyuzi bapa, laini, zisizobadilishwa miaka mingi, na kwenye kipande cha eponji, sponji tu ya kuogea, ambacho mzee alikibana chini ya nyuzi ili zisilie ovyo.

Priscille aliichomeka kwenye ampli, mashine ya kukuza sauti, na kugusa uzi mmoja. Ting! Alijaribu mwingine. Ting! Kijiko kwenye sahani ya bati. Alishuka kwenye noti ya chini kabisa, ile ambayo zamani ilitikisa vioo vya madirisha, na ikatoka nyembamba, kali, ya kujionyesha.

"Unasikia vile iko inatoka clair, safi kabisa?" Donatien alisema. "Kuna na pile ndani, betri ya nguvu!"

"Bitu byake bya zamani biko wapi?"

"Bitu gani?"

"Mikro. Nyuzi. Ile eponji."

"Ah, ile buchafu? Tuliachia fundi Aaron kule atelye yake. Nazania alishatupa." Bado alikuwa anacheka. "Yaya, siye tulikuwa tunasikia haya kukuona na kile kizee-kizee mbele ya bageni. Sasa angalia, unafanana na batu ba Kinshasa."

"Nani alikuambia uiguse?"

Divine akatazama viatu vyake.

"Ni kado, Yaya," Donatien alisema tena, safari hii taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Kwa kado, batu banasemaka aksanti."

Priscille hakusema aksanti. Aliichomoa besi, akaitia kwenye mfuko wake, akatoka. Nje alipanda moto, pikipiki ya abiria, akamwambia dereva ampeleke sokoni kwa Aaron.

Aaron alikuwa fundi wa redio karibu na soko. Alipoona ule mfuko aliinuka akapangusa kiti. Priscille hakuketi. Macho yake yalikuwa yamekwenda ukutani, nyuma ya meza, ambako skrubu na pini zilining'inia kwenye vipande vyeusi vya chuma. Alizijua. Zilikuwa sumaku za besi ya baba yake, na fundi alikuwa amezigeuza vishikio vya skrubu.

"Na waya?" aliuliza.

"Waya nilikunjua, mama. Ilikuwa ya muzuri sana, membamba kama nywele. Nilitengeneza nayo koili ya redio ya mutu mumoja." Aaron alimtazama usoni. "Ilikuwa ya weye?"

"Ilikuwa ya papa yangu! Toka vita, ni kitu moja tu hatukuibiwa! Hatukuunguziwa! Na weye unakunjua kama uzi wa fulana!"

Wapita njia walisimama mlangoni kutazama. Aaron aliinua mikono yake. Alisema Donatien alimwambia chombo ni cha kanisa, vitu vya ndani vimekufa, atupe. Alisema kama angejua kina mwenyewe angeuliza. Aliyasema bila kujitetea sana, akizing'oa sumaku ukutani moja moja na kuzimwaga skrubu mezani. Akazifunga kwenye kitambaa.

"Naweza kusokota tena," alisema. "Waya nitatafuta. Lakini sikudanganyi, mama. Haitakuwa ile."

Priscille alitaka kumchukia na hakuweza, na hilo lilimwudhi zaidi. Hasira yake haikupata pa kutua, akaibeba nzima hadi nyumbani.

Mzee Marcellin alikuwa amekaa ukumbini. Mtoto wa jicho ulikuwa umemfunga karibu macho yote mawili, lakini aliutambua mwendo wa binti yake.

"Mulimuzika muzuri?"

"Tulimuzika, papa."

"Lete besi. Toka uende nyumba iko kimya."

Hakuwa na namna. Alimwekea mapajani. Mikono ile iliyopinda ilipita juu ya mwili wa gita, ikaenda moja kwa moja mahali palipolika, pale pa mkono. Ikateleza. Ikarudi, ikateleza tena. Mzee alinusa vidole vyake, akanusa rangi.

"Hii ni ya nani?"

Akamweleza. Alitarajia mzee alie, na alikuwa amejiandaa kwa machozi. Mzee hakulia. Alichukua fimbo yake akaitupa uani kwa nguvu ambayo Priscille hakujua kuwa bado anayo, kuku wakaruka huku na huku.

"Kwa nini uliachia batu? Mi nilikupatia weye! Mi sikuipatia kanisa!"

"Nyumba iko inavuja, papa! Ningeiweka wapi? Chini ya mvua?"

"Ungeenda nayo!"

"Kwa matanga ya dada yako! Nibebe gita kwa matanga ya dada yako, batu baseme nini?"

Walipigiana kelele hadi jirani yao Immaculée alipochungulia ukutani. Kisha wakakaa, besi ikiwa bado kati yao, nyeupe.

"Kosa si ya weye," mzee alisema mwishoni. "Niko natafuta mutu wa kugombeza, na weye ndiye uko hapa."

Jumapili ya yubile kanisa lilijaa hadi nje. Wageni walitoka mbali, wengine na kamera. Priscille alikuwa ameamua kupiga, kwa sababu waumini hawakumkosea chochote, na alipiga nyimbo zote huku ameuma meno. Watu walishangilia gita. Hakuna aliyecheza.

Baada ya mahubiri, pasteri akachukua maikrofoni.

"Mnamuona huyu mama? Alitoka Djugu mbio, hana kitu, mukimbizi, mudeplase wa vita. Kanisa lilimupokea. Na leo tumemutengenezea chombo chake upya! Mama Priscille, kuja utoe ushuhuda. Mwambie Bwana aksanti."

Makofi. Donatien alimpa maikrofoni, na kwa upole akamnong'oneza, "Fupi tu, Yaya."

Alisimama mbele na lile gita shingoni. Alitazama nyuso zile, nyingi za watu waliokuja mjini kama alivyokuja yeye, wamevaa nguo za kugawiwa zenye maandishi wasiyoyachagua. Kwa miaka alikuwa amesema aksanti. Aksanti kwa turubai, kwa maharagwe yenye wadudu, kwa viatu vya mguu mmoja. Aksanti ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Bwana ninamushukuru kila siku," alisema. "Lakini hii sitashukuru. Sikuiomba. Besi ya papa yangu haikuwa mugonjwa. Mulingoja nikaenda kuzika mutu, mukatoa roho yake, mukatupa, mukapaka mwili rangi. Halafu munaniita hapa nifurahi mbele ya bageni. Hapana."

Mnong'ono ulipita kanisani kama upepo kwenye mahindi. Donatien alisahau kwamba maikrofoni yake mwenyewe ilikuwa wazi.

"Kweli shukrani ya punda ni mateke! Ulikuja hapa mikono mitupu!"

"Sikukuja mikono mitupu. Nilikuja na hii." Aligonga mbao kwa kiganja. "Na hata punda, kabla ya kumubebesha, batu banaangaliaka mugongo wake."

Mwanamke mmoja nyuma, wa Djugu, alipiga kigelegele kimoja kikali, halafu akaona aibu akakatisha. Priscille aliweka maikrofoni chini, akapita katikati ya viti hadi mlangoni.

Pasteri alimtuma mkewe, Mama Charlotte, kumwambia arudi aombe msamaha mbele ya kanisa. Priscille alimkaribisha, akampa chai, akamwambia hapana. Asubuhi zilizofuata alikaa uani na kipande cha kioo, akikwangua ile rangi kidogo kidogo, baba yake akipapasa kila sehemu na kusema bado. Chini ya rangi mbao zilikuwa zimesuguliwa hadi rangi ya ngozi ya mtoto mchanga, hazina historia. Aaron alileta mikro zilizosokotwa upya na kuzifunga mwenyewe. Nyuzi bapa hazikupatikana Bunia nzima. Priscille alizisugua zile mpya kwa mafuta na majivu hadi zikapunguza kelele, na kipande cha godoro kikachukua kazi ya eponji.

Donatien alikuja siku moja alasiri, peke yake. Alisimama mbele ya vumbi jeupe lililotapakaa uani.

"Nilifikiri utafurahi, Yaya."

"Ulifikiri. Haukuuliza."

"Nilikuwa nasikia haya kwa sababu yako."

"Haya ilikuwa ya weye. Mi sikuwa nayo."

Aliinama, akaokota kipande kingine cha kioo. "Acha nikusaidie basi."

"Usiiguse."

Kioo kilibaki mkononi mwake. Mzee Marcellin, ambaye alikuwa na adabu za zamani, alimwambia aketi, naye akaketi, akatazama hadi jua liliposhuka. Alipoondoka aliaga mara mbili. Priscille aliitikia mara moja.

Alipoichomeka kwa mara ya kwanza, baba yake aliinamisha kichwa. Noti ya chini ilitoka nene, ikakwaruza kidogo mwishoni, ikatua.

"Si ile," mzee alisema.

"Najua, papa."

"Ile imekufa. Hii ingali na hasira." Alisikiliza tena. "Piga. Ichoke kwanza."

Kwenye kambi ya waliokimbia, kando ya mji, wanawake wa Djugu walikuwa na kwaya yao na ngoma mbili, na hawakuwa na besi. Priscille alianza kwenda huko kila Jumapili na ampli ndogo ya betri aliyoazimwa na Aaron. Siku ya kwanza, katikati ya wimbo wa pili, mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa aliinuka, akajishika kiuno, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeonewa ni nani anayevuta miguu yake ikakataa kukaa. Priscille hakucheka. Uso wake ulikuwa bado umekunjamana. Akaongeza nguvu.