Kisu cha Kwato

Soksi ilikataa kutoka. Ilikuwa imeshikana na kidonda, na Velma, yule msichana anayetibu miguu pale kliniki ya sukari, akasema, "Kogo, nyanya yangu, tulia kwanza tuilowanishe." Nikatazama dari. Nilijua soksi ikitoka, aibu yangu inatoka nayo.

Mwezi uliopita nilimkataza huyu huyu asiniguse. Nilikuwa na sugu chini ya kidole gumba, ngumu kama punje ya mahindi makavu. Mbele ya foleni yote nikamuuliza, "Mtoto, una miaka mingapi? Nionyeshe cheti." Watu wakacheka, na mimi napenda sana kuchekesha foleni. Alipoinama kwenye droo kukitafuta, nikachukua fimbo yangu nikaenda.

Siku ya tatu Kipkemoi akaja kukata kwato za ng'ombe wangu. Huyo hukata mpaka ng'ombe anasinzia. Nikamwambia, "Ukimaliza huyo, bado mimi."

"Kogo, mimi ni wa ng'ombe."

"Kwani hizi zangu si kwato? Kata, ama chai hunywi hapa."

Alikataa mara tatu. Nikamwita mwoga, nikamwambia marehemu babake hangekimbia mguu wa mwanamke mzee. Akakata. Damu ilipotoka, akanipulizia ile dawa yake ya zambarau. Sikusikia uchungu hata kidogo. Nikamsifu kwa ufundi, kumbe ni sukari, mguu ulikufa ganzi zamani.

Sasa soksi ikatoka, na harufu ikatoka. Winny, mke wa mwanangu, akageukia dirisha.

"Nani alikukata hapa?" Velma akauliza.

"Nilijikwaa kwa jiwe, nikichuma majani chai."

"Jiwe la zambarau?"

Nikaanza kuuvuta mguu nyuma.

"Mama, sema tu," Winny akanong'ona.

"Kogo, hiki kidole bado naweza kukiokoa," Velma akasema. "Lakini nijue kilikatwa na nini na kikapakwa nini. Ukinidanganya, nitatibu jiwe."

Nikasema yote: kisu cha kwato, dawa ya ng'ombe, vile Kipkemoi alikataa nikamlazimisha. Nikangoja acheke. Mimi ningekuwa yeye, ningecheka mpaka nikae chini. Hakucheka. Aliandika tu, na hapo ndipo nilitamani sakafu inimeze.

Alipomaliza kunisafisha na kunifunga, akafungua droo.

"Siku ile ulienda kabla sijakipata."

Akaniwekea mkononi cheti chake na leseni ya mwaka huu, yenye picha na muhuri. Miwani nilikuwa nimeacha nyumbani.

"Nisomee," nikasema.

Akasoma polepole, kila neno, mlango ukiwa wazi na foleni yote ikisikiliza. Hakuna aliyecheka.

Aliporudisha karatasi kwa droo, nikainama, nikavua soksi ya pili mwenyewe. Huo mguu sikuwa nimemtajia. Nao ulikuwa zambarau.