Tumbawe la Mkwe Wake

Wewe umewahi kusingiziwa kuhamisha kitu, kumbe kitu chenyewe kina safari zake? Bibi mmoja yalimkuta hayo, tena nyumbani kwa binti yake.

Mkwewe alikuwa fundi wa meno ya bandia. Hata yale aliyotafunia bibi yalikuwa kazi ya mikono yake. Sebuleni aliweka tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake, juu ya mchanga, tumbawe la duara, la kijani, ukubwa wa kisosi. Matumbawe mengine yalikuwa yameng'ang'ania miamba. Hili lilikaa huru, halikushikamana na chochote. Asubuhi lilijaa maji likatuna kama mto wa kulalia, likatoa vidole laini, na mkwe akalilisha vipande vya kamba wa baharini kwa kibano. Mdomo wake, pale katikati, ulifunguka polepole kama wa mtoto anayesinzia.

Bibi alivuta kiti akatazama. Moyoni alikitamani kile kibano. Lakini amri ya nyumba ilikuwa moja: mkono wa mtu mwingine usiingie majini. Naye ni mama mkwe, ataombaje?

Siku moja tumbawe likaonekana limesogea pembeni. Mkwe akalirudisha katikati. Likasogea tena.

"Mama," akasema kwa adabu zote, huku akitazama ukutani, "labda ulikuwa unapangusa vumbi..."

"Vumbi la ndani ya maji, baba?"

Binti akacheka hadi akashika mlango. Mkwe hakucheka. Alichukua gundi, akalibandika tumbawe juu ya mwamba, barabara, kama anavyobandika jino. "Hapo halitoki," akasema.

Tumbawe likaanza kunywea. Kila likituna, nyama yake ilijikwaruza kwenye mwamba, hadi ukingoni mfupa mweupe ukachungulia. Mkwe akakosa raha. Akikaa mezani anachokonoa sahani tu. Mwishowe akampigia simu aliyemuuzia, sauti ikasikika sebule nzima.

"Umelibandika?" yule mtu akamaka. "Bwana wee, hilo linaishi mchangani! Likivimba linajisukuma lenyewe. Linatembea!"

Sasa ikawa zamu ya bibi kutazama ukutani.

Wakalibandua pamoja: mkwe na vifaa vyake vya meno, bibi ameshika bakuli la maji ya tangi, hata pumzi hatoi. Wakalilaza mchangani. Siku zikapita, kila apitaye pale akichungulia. Kisha asubuhi moja likatuna tena, na ule ukingo ukawa umeanza kuvaa ngozi changa.

Mkwe akachuchumaa mbele ya kiti cha bibi, kibano mkononi. "Mama, nisamehe. Nilikushuku bure. Hukugusa hata maji."

"Sikugusa, mwanangu," akasema bibi. "Lakini nilitamani. Nataka kulilisha mimi."