Kidole cha Malachy

Mume wangu Malachy alisimama dukani asubuhi watu wanaponunua mkate, akatangaza kwamba picha yake isipochaguliwa kwa kalenda ya parokia mwaka huu, kamera anaipeleka mnada wa kanisa. Nilimfinya mkono, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Kalenda yetu ni ya ukutani, picha moja juu, miezi yote chini. Hiyo picha Concepta Hanly ameipata miaka sita mfululizo, kwa machweo. Machweo sita! Na alikuwa pale pale, anachagua vitunguu.

"Nitainunua mimi, Malachy," alisema. "Mlango wangu wa jikoni unapigwa sana na upepo. Kamera yako itauzuia vizuri."

Basi tukaanza kuzunguka, mimi nikiendesha, yeye kakumbatia kamera ya marehemu baba yake, ile ya filamu, ambayo tundu la kuchungulia liko juu na lenzi iko chini. Tulikwenda mji wa Ennis kupiga picha barabara kuu. Tulikwenda kwenye mnara wa kale, tukanyeshewa saa tatu nzima, na Malachy kila baada ya dakika kumi ananiambia, "Mvua hii inakatika sasa hivi." Tukamalizia kwenye daraja la mawe karibu na kwetu.

Sasa, kwetu hupishani na mtu barabarani bila kumsalimia. Mikono inabaki kwenye usukani, kidole cha shahada kinainuka, umemaliza. Usipokiinua, kabla ya jioni watu wanaulizana umekosana na nani. Kote tulikosimama Malachy alikuwa kando ya barabara, kamera kaishika kwa mikono miwili, na kila lilipopita gari, au trekta, au lori la maziwa, alisalimia huku anapiga picha. Nilimwona kwa macho yangu na sikuona ajabu yoyote. Nami nilikuwa nainua changu.

Filamu tulisafishiwa kwenye duka la dawa mjini. Binti wa kaunta alitukabidhi bahasha huku anaangalia pembeni, machozi ya kicheko yanamtoka. Mnara na kidole. Barabara kuu na kidole. Daraja, ng'ombe wawili, upinde wa mvua ambao Concepta hajawahi kuuota, na kidole cha mume wangu kimesimama mbele ya yote, kinene, kina plasta.

Nyumbani Malachy hakugusa chai. Hapo niliogopa kweli.

"Ifungashe hiyo kamera, Nuala."

"Peleka ya daraja. Mwisho wa kupokea ni leo."

"Ili wanicheke?"

"Binti wa dawa ameshaonyesha mji mzima, mzee. Bado nani?"

Akanuna. Niliipeleka mwenyewe kwa Padri Colm. Aliinamia ile picha, kakunja uso, na kabla hajasema neno nikaona kidole chake kinainuka kutoka mezani, taratibu.

"Huyu Malachy," alisema. "Siku hiyo nilipita hapo."

Kamati ilipokaa, nasikia wote watano walifanya vile vile, kisha wakaona aibu kumnyima ushindi mtu waliyekwisha kumsalimia.

Mwezi wa kwanza Concepta alitualika chai, nadhani ili apate pa kusemea. Kalenda ilikuwa imetundikwa karibu na jiko. Malachy alikaa, kamera shingoni.

"Aibu tupu," Concepta alisema, akitoka penye jiko na birika kalishika kwa mikono miwili. "Nchi ina milima, ina bahari, sisi tunatundika kidole! Mimi hata sikiangalii."

Akapita mbele ya kalenda. Kidole chake kikainuka juu ya kishikio cha birika, kikashuka.

Malachy akainua chake.

"Unamsalimia nani wewe?" Concepta alifoka.

"Naitikia tu, dada."