Dole Gumba la Nyirangabo

Generoza, Mrundi anayekaa ghorofa ya chini ya Bibi Nyirangabo hapa Newburg, ughaibuni, anasema asali ilianza kudondoka kutoka dari yake Jumamosi saa nne asubuhi, yeye akichambua maharage. Alitega sufuria, akamaliza maharage, ndipo akapanda juu kuuliza.

Juu alimkuta Polycarpe, mtu wa mradi wa hifadhi kule Kivu. Alishamaliza Columbus na Buffalo, akikusanya alama za vidole vya Watwa waliofukuzwa msituni, kama Bibi, ili mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi upitishwe. Asubuhi hiyo, kabla ya asali, ramani ilikuwa tayari, imepakwa rangi. Kilibaki kisanduku kimoja chini, cha dole gumba.

"Koko, bon, weka hapa tu. Hii njo mpango tulifanya pamoja," Polycarpe alimwambia Bibi.

"Pamoja na nani?"

"Na ninyi."

"Mimi niko Newburg napika sombe. Mulikuwa munaniita kwa dirisha?"

Mjukuu wake Jolie, aliyetoka ghalani Okolona na viatu vya kazi bado miguuni, akacheka. Polycarpe hakucheka.

Bibi alitafuta kaburi la baba yake kwenye ramani. Mahali pale palipakwa kijani, na kijani maana yake haingii mtu. Mdogo wake Gaspari alifungwa miezi saba kwa kuingia kijani hicho kupalilia kaburi. Lakini Polycarpe alisema asiyeweka kidole, malalamiko yake hayapokelewi. Bibi akaweka.

Dole likatoa msitu. Kwanza kijito, kisha njia, kisha miti saba ya asali, kila mmoja na mwenyewe wa ukoo wao, kisha kaburi na mawe yake matatu. Wino ulivuka karatasi, ukatambaa mezani mpaka chini, na penye miti sakafu ikalowa asali.

"Imetoka nje ya kisanduku," Polycarpe alisema. Akatoa karatasi nyingine. Ikawa vilevile, na nyuki wawili.

"Hata Columbus, mzee mmoja alitoa mto, tukapanguza na taulo. Donc, si shida. Tutapunguza kwa fotokopi."

Jolie akawapeleka kwa gari. Mashine ilipunguza msitu mara nne, mpaka ukawa nukta nyeusi, ukaenea vizuri kisandukuni. Polycarpe akaandika pembeni: amekubali.

"Kaburi iko wapi hapo?" Bibi aliuliza.

"Iko ndani, Koko."

Mpango ulipita. Gaspari bado anarudishwa kwenye geti la hifadhi. Generoza amefika sufuria ya tisa, na anasema asali yenyewe ni nzuri, ina ladha ya moshi.

Bibi alimwandikisha Jolie ujumbe kwenye simu, neno kwa neno: "Mwanangu Polycarpe. Kwa kuwa ulisema kaburi iko ndani, tunaomba askari wamuache Gaspari aingie siku moja tu, apalilie, atoke."

Alama mbili za kusomwa chini ya ujumbe zimekuwa za bluu tangu Pasaka.