Kikohozi cha Lasaro

Jumamosi jioni wanawake wa Potosi huketi mdomoni mwa mgodi wa fedha mlimani na vyungu vya supu, kwa kuwa wanaume walioingia Jumatatu hutoka siku hiyo na njaa na matusi. Tiklla alimpa mumewe, Lasaro, bakuli lake, akasubiri akohoe. Hakukohoa.

“We, kikohozi chako kiko wapi?”

“Kimenasa kwenye jiwe. Nimekivuta, kikagoma.”

“Ukakiacha hivi hivi? Miaka yote mmekaa pamoja!”

“Mwanamke, mimina chicha.”

Walikunywa pombe hiyo ya mahindi, Lasaro akacheka kicheko chake, wakalala fofofo, na Tiklla alifurahi kweli. Furaha ikaishia kanisani. Aliyemaliza wiki mlimani ana haki ya kupumzika wiki mbili, lakini nahodha wa zamu za mgodini, Don Martin Kanki, alikuwa amepungukiwa na watu, na Wahispania humtoza fedha kwa kila anayekosekana. Basi Jumapili baada ya misa huwapanga wanaume na kuwategea sikio kifuani. Anayekohoa hupumzika. Asiyekohoa hurudi kesho yake.

“Lakini anaumwa, bwana!” alisema Tiklla. “Hebu tazama mbavu hizo.”

“Mbavu hazikohoi, mama.”

Lasaro akarudi mlimani. Wiki hiyo Tiklla alikuwa sokoni akiuza majani ya koka, Donya Beatrisi muuza hariri akamlipa kwa sarafu mpya ya fedha ya mlimani. Sarafu ikakohoa, vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu, kisha ikalaani mlima.

“Huyu ni mume wangu,” Tiklla alisema.

“Huenda,” alijibu Donya Beatrisi, akiendelea kuchambua majani. “Za mwaka huu zote zinakohoa. Wachina wanazigombania, dada. Zamani walizing’ata kujua kama ni fedha halisi, siku hizi wanaziweka sikioni. Isiyokohoa hawaitaki hata bure. Shali hii unayoiona imenunuliwa kwa vikohozi vitupu.”

Tiklla alikiri kwamba shali ilikuwa nzuri, maana ilikuwa nzuri. Ila alikasirika mpaka akakosea kupima koka.

Jumapili alimpeleka Lasaro kwa nahodha, sarafu kiganjani. Sarafu ilikohoa mpaka ikarukaruka.

“Umesikia, bwana? Ndicho chake hicho. Amekohoa mbele yako. Mpumzishe.”

Don Martin aliiweka sikioni, akafumba macho. Alikuwa mtu wa bonde lao, vifua vya watu wake alivijua.

“Ni Lasaro mtupu,” alisema. “Fedha safi hii.” Akaitia mfukoni. “Haya, Lasaro, na wewe kohoa.”

Lasaro alijikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Ikatoka pumzi laini, kama ya mtoto mchanga.

“Kesho alfajiri,” alisema Don Martin, bila ubaya wowote.

Alfajiri hiyo llama, wanyama wa mizigo wa huko, waliteremka na masanduku ya fedha ya mfalme kuelekea baharini, na masanduku yalikohoa njia nzima. Wanawake walisema pole, kama anavyoambiwa yeyote anayekohoa. Tiklla alisema pole kwa kila sanduku, kwa kuwa hakujua mumewe yuko katika lipi, kisha akampandisha Lasaro mlimani.

Jumamosi Lasaro alitoka bila kicheko chake; nacho kilikuwa kimenasa kwenye jiwe. Tiklla alimmiminia chicha, akaketi karibu naye. Tangu hapo, kila sarafu anayopewa sokoni huiweka kwanza sikioni.