Nukta Kwenye Sauti Iliyopanda

Katibu wa tume ya uchunguzi wa ajali aliweka faili mezani kwa mchapaji, akasema kazi ya leo ni nyepesi.

"Mazungumzo yameshachapwa na kampuni ya lifti yenyewe. Wewe sikiliza rekodi, linganisha, tia sahihi. Kesho yanasomwa barazani."

Mchapaji aliufuata mgongo wake kwa macho hadi mlango ukafungwa. Miaka kumi na moja alikuwa akichapa maneno ya watu waliohojiwa katika ofisi zile, na hata siku moja katibu hakuwahi kumhurumia kwa wingi wa kazi. Huruma hii ya ghafla ilitoka wapi? Tena asubuhi ile ile alikuwa amemwona kwenye maegesho, ameegemea gari la wakili wa kampuni, wanacheka kama mashemeji.

Kesi yenyewe aliijua. Lifti ya jengo la ghorofa nane ilishindwa breki, ikaporomoka ghorofa mbili, na mama wa usafi aliyekuwa ndani na ndoo zake akavunjika nyonga. Siku moja kabla, fundi alikuwa ameitengeneza lifti hiyo, kisha akampigia simu mhandisi wa kampuni, mgeni aliyekaa ng'ambo. Waliongea Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha pekee waliyokuwa nayo wote wawili. Simu hizo hurekodiwa.

Kwenye karatasi ya kampuni, fundi alisema, "The brake is fine." Nukta. Mhandisi akajibu, "Yes." Nukta. Yaani fundi mwenyewe alitoa taarifa kwamba breki ni nzima, na mkubwa wake akaipokea. Kwa nukta mbili hizo mtu angeweza kupoteza leseni yake, na pengine kulala ndani.

Mchapaji alivaa hedifoni, akafumba macho. Fundi alitaja jina lake, sauti ikashuka mwishoni. Akataja namba ya jengo, ikashuka. Akasema amebadilisha nyaya mbili, ikashuka tena, kama mtu anayetua mzigo. Alipofika kwenye breki, sauti ikapanda.

Alirudisha rekodi. Ikapanda. Akairudisha mara ya tatu, huku ameshika penseli juu ya ile nukta.

Lakini hata huyo fundi, mchapaji hakumwamini moja kwa moja. Mdogo wake yeye mchapaji, tangu aajiriwe mapokezi ya hoteli, alikuwa akiongea Kiingereza cha kupanda kila mwisho wa sentensi, hata hujui anakueleza au anakuuliza. Huenda na huyu alikuwa wa namna hiyo.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa.

"Bado?" aliuliza katibu.

"Bado kidogo."

"Kuna shida?"

"Shida gani?"

Katibu aliitazama penseli pale ilipolala. "Maneno si ni yale yale?"

"Maneno ni yale yale."

"Basi," akasema, akaondoka taratibu mno kwa mtu mwenye haraka.

Saa ya mapumziko mchapaji hakula. Alikwenda kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kituo cha basi, mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza hadi chaki ikamharibu kifua. Siri ya tume hutoki nayo nje, kwa hiyo hakumwambia neno lolote la kesi. Alimwigizia sauti tu, midomo imefungwa: mm-mm-mm, na ya mwisho akaipandisha.

Shangazi aliweka chini sufuria aliyokuwa akiifuta. "Umekuja kuniimbia?"

"Shangazi, kwa Kiingereza, huyo anauliza au anaeleza?"

"Inategemea. Mengine anayasemaje?"

Akamwigizia yale ya jina na ya nyaya. Shangazi akasikiliza, ameinamisha kichwa.

"Basi si mazoea yake. Mtu wa mazoea hupandisha yote. Huyu amepandisha moja tu, lile asilokuwa na uhakika nalo. Sisi tukisema 'amefika', si sauti peke yake inayoonyesha kama tunauliza? Na Kiingereza kinafanya vivyo hivyo, ila chenyewe hupandisha hata pasipo swali. Kwa adabu, kwa wasiwasi, au mtu anakuwekea jambo mbele yako uliamue wewe. Mwenzake alijibuje?"

Mchapaji alitamka ile "yes", neno pekee aliloona halifichui kitu. Alikuwa ameisikiliza haraka haraka, kwa kuwa moyoni alishaamua: mhandisi aliulizwa, akasema ndiyo, na sasa kampuni inamficha.

"Rudia," alisema shangazi. Akarudia. "Tena, kama ulivyoisikia, si kama unavyotaka."

Alirudia. Mwisho wake ulipanda kidogo, chini chini.

"Hiyo si ndiyo ya kukubali, mwanangu. Ndiyo ya kukubali inashuka. Huyo anasema tu nakusikia, haya, endelea."

Mchapaji hakupenda. Alikuwa amekuja kutafuta mwongo, na anarudi kazini bila mwongo hata mmoja.

Jioni alipeleka karatasi mpya. Nukta zote mbili alizifuta akaweka alama za kuuliza, na pembeni akaandika: sauti inapanda. Katibu alisoma akiwa amesimama.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Wakili wa fundi umeonana naye lini?"

"Wewe wa kampuni umeonana naye leo asubuhi. Mimi sijaonana na mtu."

Kisha mchapaji akamsogezea hedifoni. Katibu alisikiliza kwa sikio moja, halafu akavuta kiti akaziba yote mawili. Aliporudisha hedifoni, karatasi mpya ndiyo aliyoitia kwenye faili.

Kesho yake rekodi ilichezwa mbele ya wote. Fundi alisema, "Nilimuuliza kwa sababu breki haikuwa sehemu yangu. Nikasikia ndiyo, nikashukuru, nikakata simu." Mhandisi, kutoka kwenye skrini, akasema alidhani fundi ndiyo kwanza anaanza kumweleza habari za breki, na simu ilipokatika akangoja apigiwe tena. Mwenyekiti akamuuliza alingoja muda gani. Mhandisi akanywa maji kwanza, na mchapaji akaandika kwamba alikunywa maji, ingawa hakuna aliyemwagiza.

Fundi alisimamishwa kazi miezi mitatu, leseni akabaki nayo. Kampuni ilikatazwa kuidhinisha breki kwa simu, ikabebeshwa gharama za matibabu. Kuhusu yale maegesho, katibu hakuwahi kueleza, na mchapaji hakuwahi kuacha kumtazama kwa jicho la pembeni.

Mama wa usafi alikuwa ameketi mstari wa nyuma, magongo yake yamelazwa miguuni. Watu walipotawanyika alimwita mchapaji.

"Dada, Kiingereza chao kimenipita. Ni nani alisema ile lifti ni nzima?"

Mchapaji alikaa kando yake. "Hakuna, mama. Mmoja aliuliza, mwenzake akadhani anaelezwa. Kila mmoja alimngojea mwingine aseme."

"Na mimi nikapanda," alisema mama yule, akaanza kutafuta magongo yake.

Mchapaji aliinama akamwokotea.