Mkono wa Bibi Elspa

Hanus, kocha wetu wa makasia, ni mtu mzuri sana akiwa amelala. Akiamka ana maneno mengi, na majira yale ya baridi alituletea na vidude.

Vilikuwa vyeusi, vidogo kama kifungo cha koti, kila kimoja na mkanda wake. Unajifunga mkononi, unanyanyua vyuma, nacho kinahesabu umenyanyua mara ngapi, kwa kasi gani, na umechoka lini. Yote hayo yanakwenda moja kwa moja kwenye simu ya Hanus. Bahari ya huku visiwani Faroe wakati wa baridi si ya kuchezea, kwa hiyo kila mmoja angejinoa nyumbani kwake, naye angejilaza kwenye kochi akitusoma.

"Nafasi tano zina wenyewe," alitangaza, amesimama katikati ya banda la mashua. "Ya sita bado. Safari hii sichagui mimi, zinachagua namba. Mkono wenye namba kubwa ndio utakaoshika kasia. Sijali ni wa nani."

"Hujali kweli?" nikamuuliza. Mimi ndiye mshika usukani. Kazi yangu ni kukaa nyuma na kupiga kelele, na hata nchi kavu sinyamazi.

"Hata ukiwa wa mama yangu."

Walioitaka nafasi ile walikuwa wawili, mdogo wangu Billa na Marjun wa dukani. Billa aliikalia kabla hajazaa mapacha. Tangu hapo kila sikukuu ya Mtakatifu Olavi, mashua za vijiji zikishindana, yeye husimama gatini na kigari cha watoto. Mwaka jana tulipopita mbele yake aligeuza uso. Aliitaka nafasi ile mpaka ikaniuma mimi. Kila jioni, watoto wakishalala, alikwenda kwenye zizi la kondoo na vyuma vyake, akanyanyua mpaka viganja vikamchubuka.

Marjun naye hakuchubuka popote.

Kila Jumamosi Hanus alitusomea matokeo. Namba za Billa zilikuwa za binadamu: zinapanda, zinashuka, akichoka kidude kinamsema. Za Marjun zilikuwa za kulegea wiki nzima, ila Jumanne jioni zinawaka moto.

"Mtazameni huyu!" Hanus akapiga kofi. "Anakwenda jioni nzima hachoki! Huu si mkono, ni mashine!"

Marjun akainamisha macho kwa adabu. Tulipokuwa tunarudi nyumbani Billa akaniambia, "Dada, labda mwili wangu umeshakwisha." Nilikasirika mpaka masikio yakapata joto, na kwa upepo ule si jambo rahisi.

Sasa, mwanamke yeyote wa kijijini kwetu anajua Jumanne jioni kuna nini. Kuna chama cha kufuma. Hanus hakujua, kwa sababu jioni hiyo wanaume hukaa mbali na nyumba yenye chama, kwa usalama wao wenyewe.

Jumanne iliyofuata nikaenda. Huwa siendi sana, maana soksi zangu huchekwa. Bibi Elspa, bibi yake Marjun, alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko. Ameshapita miaka themanini, na hakuna anayefuma haraka kama yeye. Mkononi, chini ya shali, niliona mkanda mweusi.

"Bibi, hicho nini?"

"Dawa ya baridi yabisi. Marjun hunivalisha akinileta, akija kunichukua anaivua. Na kweli, mwanangu, mkono umepata nafuu."

Nilitaka kupasua jambo palepale. Kisha nikatazama zile sindano. Wakizungumza mvua, zilikwenda pole. Walipofika kwenye talaka ya fundi bomba, zikaongeza mwendo. Kahawa na keki ya jemu zikaletwa, sindano zikasimama kabisa. Kumbe mkono ule ulikuwa unaendeshwa na umbea! Nikavuta kiti karibu.

"Jamani, mmesikia ya Hanus na kondoo dume?"

Hawakuwa wamesikia. Nikawapa yote. Jinsi kondoo wa jirani alivyomkimbiza kocha wetu mwenye misuli mpaka akapanda juu ya paa la kanisa, lile la majani. Jinsi alivyong'ang'ania kule juu akipiga kelele aitiwe mchungaji, na akaja yule wa kanisa badala ya yule wa kondoo. Sindano za Bibi Elspa sikuziona tena, niliona ukungu tu.

Jumamosi nikamchukua Bibi nikaenda naye kwenye banda la mashua. Nilimwambia kuna keki. Akaja na mfuko wake wa sufu, akakaa kwenye kreti, akatutazama mmoja mmoja.

"Maskini," akasema. "Kumbe nyote mna baridi yabisi? Wadogo hivi?"

"Baridi yabisi gani, Bibi?" Hanus akauliza.

"Si hiyo mikanda? Wangu Marjun hunivalisha Jumanne nikifuma."

Nilisikia mawimbi yakipiga mawe ya nje. Marjun aliiangalia sakafu kana kwamba imeandikwa kitu. Hanus akageukia mchoro wa namba za Marjun za Jumanne ile, alioubandika ukutani, akauwekea kidole mahali ambapo mstari ulikuwa umelala.

"Na hapa?"

"Jumanne hii? Hapo tunakunywa kahawa."

Kidole kikapanda polepole hadi kwenye kilima kirefu kuliko vyote. "Na hapa?"

"Ah, hapo tulikuwa tunakusema wewe, mwanangu. Na yule kondoo."

Wapiga makasia watano walishikana wasianguke kwa kicheko. Hanus alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Basi! Namba zote zimefutwa!"

"Hazifutwi, kocha," nikamwambia. "Ulisema mkono wenye namba kubwa, hujali ni wa nani. Hata ukiwa wa mama yako."

"Kwani nimeshinda nini?" Bibi Elspa akauliza.

"Nafasi ya sita, Bibi."

Akakunja sweta alilokuwa akifuma, akapanda mashuani palepale bandani, akaketi, akashika kasia, akalivuta mara moja hewani. "Kigumu hiki kiti," akasema. "Na mimi nina mikono ya sweta haijaisha. Billa, njoo ukae badala yangu."

"Bibi, na mimi?" Marjun akauliza kwa sauti ndogo.

"Wewe ulitaka nikushindie mashua. Na wewe utanifumia sweta."

Billa alikaa. Alilishika kasia kwa viganja vyake vilivyochubuka akalia waziwazi, nami nikalia, na Hanus akajifanya ameangusha kitu.

Jumanne ikafika. Marjun aliketi kando ya jiko na lile sweta mapajani, amekunja uso. Bibi Elspa alisisitiza avae dawa, isije baridi yabisi ikamwanza mapema. Tukiwa tunazungumza mvua, simu ya Marjun ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Hanus, Marjun akausoma kwa sauti, akisaga meno.

"'Marjun, mkono umelala. Ongeza bidii.'"

Bibi Elspa hakuinua hata macho.

"Mpeni umbea," akasema.